Nyundo za Moyo wa Reli

Chimbo la Mabalu, njia ya Bafwasende
12 Agosti 2024

Papa yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mguu wako umetulia. Mama mdogo Safiya hajambo? Mwambie bado nakivaa kile kitenge alichonipa kwa siri. Sisi huku tuko wazima, isipokuwa malaria ilimpitia Isaïe ikamwacha amekonda, macho tu.

Usishangae kuona karatasi. Huku chimboni simu ni saa ya kuangalia muda tu, mtandao hakuna. Fadhili wa pikipiki hushuka Kisangani na mizigo, akipata nafasi anavuka mto mpaka kwako Lubunga, basi nimemkabidhi barua hii na gunia moja. Gunia usilitupe.

Unajua mume wangu alinunua konkaseri ya kuponda mawe ya dhahabu. Ndani yake kuna ekseli inayozunguka, na nyundo zinazoning'inia zikilipiga jiwe mpaka liwe changarawe. Shida ni hizo nyundo. Tunazonunua mjini hazifikishi Jumapili mbili zimekwisha, mashine inazunguka bure, na wachimbaji wanapeleka mawe yao kwa mwingine. Papa, kila kitu cha Isaïe kimo ndani ya mashine ile. Ikilala, na sisi tumelala.

Sasa kuna mfanyabiashara anamshauri achukue nyundo za kromu. Anasema hakuna kilicho kigumu kuzishinda. Isaïe amekaribia kukubali. Nikamwambia: mimi nina baba ambaye chuma kinamwambia habari zake zote. Miaka mitatu tangu tufunge ndoa kanisani hujalitaja jina lake, na yeye hajawahi kulalamika mbele yangu. Kisha akakusanya nyundo zilizolika, akazitia kwenye gunia, akalifunga mwenyewe. Akasema: «Umutumie. Kama anakataa miye, chuma hatakikataa.»

Tunangoja neno lako.

Mwanao,
Rachida


Lubunga
21 Agosti 2024

Rachida binti yangu,

Waalaikum salaam. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa bado unaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Mguu upo, unajua habari ya mvua kabla ya mawingu. Safiya anasema kitenge kile hakikuwa siri hata kidogo, mimi ndiye niliyejifanya kipofu. Ni kweli.

Nimemwaga gunia sakafuni nikakaa nalo asubuhi nzima. Hizo mlizouziwa ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi nzuri. Zimelika upande mmoja kama sabuni ya watoto. Halafu nimeona mabonde makubwa, maana yake mawe yenu mnayaingiza makubwa makubwa, na nimeona makovu ya chuma kwa chuma. Wachimbaji wenu wanaacha ncha za mitarimbo zianguke kwenye mawe. Usibishe, makovu yapo.

Kwa hiyo kromu mwiache. Huyo mfanyabiashara hadanganyi, kromu ni ngumu kweli, na kama mngekuwa mnasaga changarawe ndogo, safi, ningesema chukueni. Lakini ni ngumu kama sahani ni ngumu. Siku ncha ya mtarimbo itakapoingia, itapasuka. Ugumu ni kitu kimoja, uvumilivu ni kingine. Ninyi mnataka manganezi. Hicho ni chuma cha ajabu: ukikitazama ni laini, sumaku haikishiki, lakini kadiri jiwe kubwa linavyokipiga, ndivyo uso wake unavyokuwa mgumu, na ndani kinabaki kivumilivu. Kipigo ndicho kinachokikomaza.

Na ninacho. Unakumbuka lile bonge nililonunua walipouza vyuma chakavu vya reli, ambalo ulikuwa ukilikalia ukila muhogo? Ule ni moyo wa reli, pale njia mbili zinapopishana. Wazungu waliutengeneza kwa manganezi kwa sababu magurudumu yanaupiga kila siku. Nimeukata nyundo kumi na mbili, nimezipima kwa mizani ya Safiya ya samaki. Zimetiwa alama mbili mbili. Zenye alama moja zitazamane kwenye ekseli, la sivyo mashine itatetemeka mpaka ikimbie yenyewe mjini.

Sijabadilika, Rachida, na sitaki udhani nimebadilika. Binti Mwislamu kuolewa bila nikahi kulinichoma na bado kunanichoma. Lakini mtu aliyelifunga gunia lile anajua kufunga mzigo. Mpe salamu zangu.

Papa yako,
Yusufu


Chimbo la Mabalu
29 Septemba 2024

Papa,

Assalaam alaikum, na asante, na asante tena. Afya yetu ni nzuri, Isaïe amerudisha mashavu. Safiya nimemwekea asali, Fadhili asipoinywa njiani ataiona.

Nyundo zako, Papa. Tumeponda mwezi mzima, na ukizitazama unasema zimefika jana. Uso unang'aa. Watu wanatoka machimbo mengine kuja kusikiliza sauti ya mashine yetu. Isaïe anawaambia wote, akijivunia baba mkwe wake: «Hii ni ya beau-père yangu wa Lubunga. Papa iko mugumu, lakini kazi yake iko muzuri.» Ile salamu uliyompa aliniomba nimsomee mara mbili, akajifanya hakuisikia vizuri.

Ana ombi. Wakati wa Noeli tutashuka mjini kwa mama yake. Anataka tuvuke wote watatu, yeye, mimi na Mama Euphrasie, tuje tukusalimu rasmi, tuketi mbele yako. Papa, Mama Euphrasie ana duka lake pale ng'ambo mjini, katika commune ya Kisangani. Wewe unavuka kila juma kununua vijiti vya kulehemu, unapita mbele ya mlango wake. Mto mmoja tu ndio unaowatenganisha. Nakuomba ukubali. Sijawahi kukuomba jambo kubwa kuliko hili.

Jambo jingine, ucheke kidogo. Juma lililopita tuliweka ekseli mpya, nene kidogo, na nyundo mbili zikakataa kuingia. Isaïe alitaka kuzirudisha kwako. Nikamwambia: mimi nimezaliwa wapi, dukani? Nikawasha mkaa, nikazipasha zikawa nyekundu, nikapanua matundu kwa mtaimbo na nyundo ya mkono. Kisha nikazizika kwenye majivu usiku kucha zipoe polepole, kama unavyofanya wewe na kama babu alivyofanya akisema: «Chuma hakiamshwi, kinaamka chenyewe.» Asubuhi zikaingia kama kidole kwenye pete. Isaïe alinitazama kwa heshima ambayo sikuizoea. Zinafanya kazi mpaka sasa.

Nangoja jibu lako kuhusu Noeli.

Mwanao fundi,
Rachida


Lubunga
6 Oktoba 2024

Rachida,

Salamu baadaye. Zimeni mashine. Ukisoma mstari huu mwite Isaïe aizime, kisha ndipo usome mengine.

Toeni zile nyundo mbili ulizopasha moto. Zisirudi ndani hata kwa saa moja. Majivu ni kwa majembe na mapanga na resori, zile springi za gari. Manganezi ina tabia ya kinyume. Ukiipasha lazima iwe karibu rangi ya manjano na uitumbukize palepale kwenye maji baridi. Ikipoa polepole inaoza ndani, inakuwa kama kigae, na kwa nje huoni chochote. Nilizitia kwenye pipa la maji mimi mwenyewe, sikukuandikia, kwa sababu sikufikiri kuna mtu atakayezipasha tena. Wewe ulifanya ulichokiona kwangu tangu utoto. Hukukosa adabu ya kazi. Chuma ndicho tofauti.

Nimepiga simu namba zote ninazozijua, hakuna inayoita. Fadhili anaondoka leo hii, nimemwambia asibebe kitu kingine chochote. Wanasema mvua imeharibu daraja huko mbele. Nimemwambia avuke hata kwa kuogelea.

Na Noeli njooni. Wote watatu. Isaïe aje. Nitachinja mbuzi, nitamketisha karibu yangu.

Papa yako


Chimbo la Mabalu
27 Oktoba 2024

Papa,

Assalaam alaikum. Sijui nikuulize nini kuhusu afya yako, na yangu usiulize.

Daraja lilikuwa limekwenda na maji. Fadhili alikaa ng'ambo na barua yako mfukoni mpaka mto uliposhuka. Alipofika alitukuta tumekaa chini kwenye mkeka. Isaïe tulimzika siku tatu kabla.

Nyundo ilivunjika mashine ikiwa katika kasi. Kipande kilitoka kupitia mdomo wa kuingizia mawe. Yeye ndiye aliyekuwa amesimama pale, kwa sababu kijana wa kuingiza mawe alikuwa na homa, na Isaïe hakupenda mashine ikae. Alikufa palepale. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika sinia la chakula. Tumemzika huku huku kwa sababu hakukuwa na njia ya kumpeleka mjini. Mama yake hakuweza kufika.

Barua yako niliisoma yote. Ile sehemu ya mbuzi niliisoma kaburini kwake, kwa sauti. Nilifikiri ana haki ya kuisikia.

Nakutumia kipande kilichompiga. Nimekiosha. Tafadhali, Papa, kitazame kama unavyotazama kipande cha mteja usiyemjua, kisha uniambie. Ni moja kati ya zile mbili zangu? Hapa kila mtu anasema ni Mungu, na mimi nasema ndiyo, ndiyo, huku moyoni nasikia mkaa ukiwaka. Nikijua, nitajua. Nisipojua nitaharibika kichwa.

Fadhili ananishusha mjini, kwa Mama Euphrasie. Ndiko nitakakokaa matanga.

Rachida


Lubunga
4 Novemba 2024

Mwanangu Rachida,

Assalaam alaikum. Mungu akupe subira. Nimekuwa nikiandika barua hii na kuichana. Safiya hali, anakaa mlangoni akitazama mto. Nilivuka Jumatano, nikafika mpaka kona ya duka la Mama Euphrasie, nikaona viti vya msiba barabarani. Mtu ambaye hakuja kwenye furaha yao anaingiaje kwenye kilio chao? Nikarudi na pirogi ileile iliyonivusha mto.

Nimekitazama kipande. Nimekitazama mchana, nimekitazama kwa taa. Sikiliza vizuri. Siyo yako. Ndani kuna kipovu, uwazi mdogo uliokuwemo tangu nilipokata. Hilo ni kosa langu, macho yangu yamezeeka, nilipaswa kukiona. Barua yangu ya daraja niliiandika kwa hofu, nilikuwa bado sijaona kitu. Majivu yako hayakuua mtu.

Nimemwandikia pia Mama Euphrasie. Nimempelekea barua mkononi kwake kwa kijana wa pirogi, nimemweleza kwamba nyundo iliyomuua mwanawe ilitoka kwangu ikiwa mbovu. Ni haki yake kujua amlaumu nani. Wewe ishi naye kwa amani. Nasikia anakupenda kama binti yake.

Papa yako,
Yusufu


Kisangani, kwa Mama Euphrasie
11 Novemba 2024

Papa,

Assalaam alaikum. Hapa ninakula, ninaoga, watu wananishika vizuri. Natuma barua kwa pirogi ingawa simu sasa ipo, kwa sababu nikisikia sauti yako sitamaliza sentensi.

Barua yako ilisomwa barazani. Mama Euphrasie alimpa mdogo wake Isaïe aisome, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaja kunikumbatia mbele ya wote. Akasema: «Mutoto yangu, haina kosa yako. Papa yako alikataa mwana yangu akiwa muzima, tena akamutumia kifo.» Wakakubaliana kwamba siku ya kuondoa matanga wewe usionekane, na jina la fundi Yusufu lisitamkwe tena katika nyumba hii. Nilikuwa kifuani mwake wakati anasema. Ananipakulia samaki kwa mkono wake, anatoa miiba, na kila tonge analonipa limekaa juu ya jina lako.

Sasa mimi nikuambie. Kabla sijaondoka Mabalu niliifungua mashine. Nyundo zako kumi zilikuwepo, na moja yangu. Ya pili ndiyo haikuwepo. Ile iliyobaki niliiweka juu ya jiwe nikaipiga kwa nyundo kubwa, mara ya pili ikapasuka kama sahani. Nikachukua moja yako, nikaipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Ilibonyea tu. Kwa hiyo nilipokuwa nangoja jibu lako nilikwisha kujua, nilitaka tu kuambiwa na mtu anayenipenda.

Hukuwahi kumdanganya mteja, hata yule wa jembe bovu aliyekutukana. Umenidanganya mimi. Nimekasirika, Papa. Nimekasirika na nimelia, sijui kipi zaidi. Kwa nini uliwaandikia wao?

Rachida


Lubunga
12 Novemba 2024

Binti yangu,

Kwa sababu mimi nina umri wa kuchukiwa na wewe huna. Nimebakiza siku chache, watu wa ng'ambo wakinichukia nitanunua vijiti vya kulehemu duka jingine. Wewe una maisha marefu mbele, na mume wako amekuachia mama. Kipovu hakikuwepo. Ndiyo. Kaa kimya, ule samaki.

Usifikiri ninabeba mzigo wa bure. Niliijua manganezi na sikukufundisha. Ungekuwa mwana wa kiume ningekuonyesha pipa la maji. Wewe nilikuacha utazame majivu kutoka mlangoni.

Nakuamuru kama baba. Usiseme kitu.

Papa yako


Kisangani
24 Novemba 2024

Papa yangu,

Assalaam alaikum. Natumaini umeamka salama, na mguu haukusumbui sana. Mpe Safiya salamu, mwambie ale.

Sikukutii. Nisamehe, au usinisamehe, lakini isome kwanza.

Jana jioni Mama Euphrasie alikuwa anapanga nguo za Isaïe, azigawe siku ya matanga. Alinipa shati la bluu, lile la ndoa. Nilishindwa kulipokea. Nikamwambia yote: mkaa, mtaimbo, majivu, daraja. Nikamwambia kipovu hakikuwepo, kwamba baba yangu aliandika vile ili mimi nibaki nyumbani mwake. Nilimwonyesha ile barua yako ya tarehe sita Oktoba, yenye «zimeni mashine». Aliishika karibu na taa, akaisoma mwenyewe, midomo ikitembea. Alipofika kwenye mbuzi alisimama, akarudi juu, akasoma tena.

Kisha akalikunja shati akaliweka kwenye sanduku, akafunga.

Hajanifukuza. Hajanisemesha pia. Leo samaki alipakuliwa na mtumishi, miiba yote imo. Shemeji zangu wamejua, wanapita mbele yangu haraka kama mbele ya mlango unaopitisha baridi. Nalala chumba cha stoo, kati ya magunia ya maharage, na si kwa sababu wameniambia, ila nimeona ndipo panaponifaa. Sijuti, Papa. Ninaumia tu. Isaïe aliniamini kwa matundu yale, akanitazama kwa ile heshima, na ndiyo iliyomuua. Hilo hakuna barua itakayolibadilisha, ya kwako wala ya kwangu.

Asubuhi hii Mama Euphrasie alinipitia mlangoni akielekea kanisani. Hakugeuza uso. Alisema tu: «Papa yako avuke Samedi. Nilisema asionekane, nilisema mubaya. Avuke.» Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema: «Sijui. Usiniulize sasa.» Akaenda.

Kwa hiyo Jumamosi wanaondoa matanga. Unajua inavyokuwa: ukoo wa marehemu unakaa upande mmoja, ukoo wa mjane upande wa pili, na kila upande unasema neno lake. Wametandika mikeka leo waone kama inatosha uani. Upande wao haukutosha, wakaongeza. Upande wetu mkeka ni mmoja, na mpaka sasa juu yake niko mimi peke yangu.

Njoo mapema.

Mwanao,
Rachida